Saa moja ndani ya tanuri: historia ya chuma kilichopikwa hadi kikawa laini

Leo naweka kando msimbo na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu chuma. Najua mtasema, huyu mtu wa programu amepotea njia. Subirini kidogo. Kila programu ninayoandika huendeshwa na stima, na karibu stima yote hiyo, kabla haijafika kwenye tarakilishi yangu, imepitia ndani ya kipande cha chuma chenye sumaku mahali fulani. Mara nyingi imepitia vipande kadhaa. Na chuma hicho hula sehemu ya stima hiyo na kuitoa kama joto. Ukiweka mkono juu ya transfoma ya redio ya zamani, joto unalohisi ni pesa zako.

Basi kuna kisa kimoja katika historia ya chuma hiki ambacho nimekipenda kuliko vyote. Mwaka wa 1988 Wajapani watatu walitangaza kwamba walichukua utepe wa aloi uliotengenezwa kwa shida kubwa ili usiwe na fuwele hata moja, wakautia kwenye tanuri, wakaupasha joto kupita kiwango ambacho kila mtu aliogopa kukipita, fuwele zikajaa tele... na utepe ukawa bora zaidi. Kwa mafundi wa fani hiyo hili lilikuwa kinyume cha mambo. Ni kama mtu akuambie kwamba ukitaka maziwa yasiharibike, yaache juani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sumaku ziko za aina mbili kuu. Ile iliyo nyuma ya spika ni sumaku ngumu: ukishaipa mwelekeo haibadiliki, na hiyo ndiyo kazi yake. Sumaku laini ni kinyume. Inatakiwa igeuke haraka, bila ubishi, kila nyaya zilizoizunguka zinapoiamuru. Stima yetu hapa Kenya ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake chuma cha transfoma hugeuzwa kaskazini-kusini mara 100 kila sekunde, usiku na mchana, hata kama umezima kila kitu nyumbani. Katika vifaa vya kisasa vya kubadilisha umeme, mizunguko hufika laki moja kwa sekunde na zaidi. Chuma kikiwa na ukaidi kidogo tu, ukaidi huo unazidishwa mara hizo zote. Ukaidi huu una jina la kitaalamu, koasiviti: nguvu unayohitaji kuirudisha sumaku hadi sifuri ili igeukie upande mwingine. Tutalitumia jina hilo mara nyingi, lishike.

Ukaidi unatoka wapi? Chuma cha kawaida ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo zilizobanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ndani ya kila fuwele atomi zimepangwa kwa mistari, na sumaku hupendelea kulala kufuata mistari fulani. Fuwele ya jirani imeelekea kwingine, nayo ina mapenzi yake. Unapotaka kugeuza sumaku, mpaka kati ya sehemu moja na nyingine hunasa kwenye kingo za fuwele, kwenye uchafu, kwenye mikunjo. Ndiyo sababu kwa karibu miaka mia moja kanuni ya mafundi ilikuwa moja: punguza mipaka. Kuza fuwele ziwe kubwa iwezekanavyo. Fuwele zikiongezeka ukubwa mara kumi, koasiviti hupungua mara kumi hivi.

Na silaha yao ilikuwa joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba chuma chenye silikoni kidogo kinapoteza umeme kidogo kuliko chuma kitupu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Norman Goss akagundua kwamba ukikisukuma chuma hicho kwa rola na kukioka, ukisukume tena na kukioka tena, fuwele zake zinakua zikiwa zimeelekea upande mmoja. Transfoma nyingi duniani hadi leo zina chuma cha ukoo huo.

Gustav Elmen naye, mzaliwa wa Uswidi aliyekuwa akifanya kazi upande wa simu huko Marekani, alichanganya nikeli asilimia 78.5 na chuma akapata aloi iliyoitwa Permalloy, iliyotangazwa kwa maandishi mwaka wa 1923. Hapa ndipo joto lilianza kuonyesha vituko vyake. Ilibidi aloi ipashwe hadi nyuzi 900 hivi na kupozwa polepole, kisha ipashwe tena hadi nyuzi 600 na kutolewa ghafla, ilazwe juu ya bamba la shaba ipoe upesi. Ukiiacha ipoe taratibu mara ya pili, unapoteza sehemu kubwa ya ulaini wake. Mchanganyiko ni ule ule, uzito ule ule, rangi ile ile. Kilichobadilika ni safari ya joto peke yake. Fundi yeyote wa jua kali anayechovya patasi kwenye maji analijua jambo hili kwa mikono yake. Mimi kama mtu wa programu naliona hivi: mchanganyiko ni msimbo, lakini joto na muda ndio unaoamua msimbo huo utatoa nini.

Sasa tuvuke hadi California. Mwaka wa 1959 Pol Duwez, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa profesa wa Caltech, alikuwa na swali: je, chuma kilichoyeyuka kikipozwa haraka kupita kiasi, atomi zitapata muda wa kujipanga? Yeye na wanafunzi wake walirusha tone la dhahabu na silikoni lililoyeyuka likapiga bamba baridi na kutandazika. Kasi ya kupoa ilikuwa karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Majibu yao yalichapishwa mwaka wa 1960: tone lilikuwa limeganda likiwa bado na mpangilio wa kimiminika. Hakuna fuwele. Atomi zilishikwa vile zilivyokuwa, kama watu kwenye picha. Hii ndiyo tunayoita aloi ya amofasi, au kwa lugha nyepesi, metali ya kioo, kwa maana kioo cha dirisha nacho kina atomi zisizopangwa.

Mwaka huo huo wa 1960 mwanafizikia wa Kisovieti, A. I. Gubanov, alikuwa amesema kwa hesabu kwamba kitu kisicho na fuwele bado kinaweza kuwa sumaku. Wengi hawakutarajia hivyo. Mwaka wa 1967 Duwez na mwenzake Lin wakaonyesha aloi ya chuma, fosforasi na kaboni, ya amofasi, na yenye sumaku.

Ona maana yake. Kama hakuna fuwele, hakuna mipaka ya fuwele. Hakuna mistari ya atomi, kwa hiyo hakuna mwelekeo unaopendelewa. Ukaidi umekatwa kwenye mzizi! Katika miaka ya 1970 kampuni ya Allied Chemical ya Marekani ikaanza kuuza tepe hizi kwa jina la Metglas. Zinatengenezwa kwa kumwaga chuma kilichoyeyuka kupitia mwanya mwembamba juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi. Kimiminika kikigusa gurudumu kinaganda na kuruka kama utepe mrefu unaong'aa, wenye unene wa maikrometa 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Transfoma zenye utepe huu hupoteza, zikiwa zimekaa bila mzigo, karibu theluthi moja tu ya kile zinachopoteza zile za chuma cha silikoni.

Lakini tepe hizi zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza: zile zenye chuma kingi hujinyoosha kidogo zinapopata sumaku, kama sehemu 27 kwa milioni. Ni kidogo sana, lakini maana yake ni kwamba ukizikunja au kuzibana, sumaku nayo inasumbuliwa. (Mvumo wa transfoma unaousikia usiku chini ya nguzo unatokana na tabia hiyo hiyo ya kujinyoosha na kujikunja.) Zile zenye kobalti hazikuwa na shida hii, lakini kobalti ni ghali. Ya pili: amofasi ni hali ya kulazimishwa. Ukiipasha joto, atomi zinapata nafasi ya kusogea, na zikipata nafasi zinajipanga kuwa fuwele. Zikijipanga, koasiviti inapaa na utepe unavunjika kama biskuti. Kwa hiyo tepe zilipashwa joto la wastani tu, la kutosha kuondoa mkazo uliobaki kutoka kwenye gurudumu, na mafundi wakakaa mbali na joto la kufanya fuwele kama mtu anayekaa mbali na ukingo wa kisima.

Hapo ndipo wanaingia Yoshihito Yoshizawa, Shigekazu Oguma na Kiyotaka Yamauchi wa Hitachi Metals huko Japani. Waliongeza vitu viwili kwenye aloi ya kawaida ya chuma, silikoni na boroni: shaba kidogo na niobi kidogo. Katika kila atomi 100, chuma 73.5, silikoni 13.5, boroni 9, niobi 3 na shaba moja tu. Wakatengeneza utepe wa amofasi kama kawaida. Kisha wakaupasha hadi karibu nyuzi 550 kwa saa moja. Huko ni ng'ambo ya ukingo wa kisima, ndani ya eneo la fuwele.

Fuwele zikatokea kweli. Lakini zilikuwa ndogo mno, kipenyo cha nanometa 10 hivi. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fuwele moja kama hiyo ina upana wa atomi kadhaa kumi tu. Utepe ulipopimwa, koasiviti ilikuwa karibu nusu ampea kwa mita. Urahisi wake wa kubeba sumaku, ukilinganisha na hewa tupu, ulikuwa mara 100,000 kwenye mizunguko elfu moja kwa sekunde. Na kiwango cha juu cha sumaku kilikuwa tesla 1.24, zaidi ya zile aloi za kobalti zilizokuwa zikisifiwa, bila gharama ya kobalti. Makala yao yalitoka mwaka wa 1988 katika Journal of Applied Physics, na aloi ikaitwa Finemet.

Sasa swali. Kanuni ya miaka mia ilisema fuwele ndogo huleta ukaidi mkubwa. Hizi ni ndogo mara maelfu kuliko za kawaida. Zilitakiwa ziwe kaidi kupindukia! Nini kimetokea?

Jibu lilitoka Hanau, Ujerumani, kwa Giselher Herzer wa kampuni ya Vacuumschmelze, katika makala zake za 1989 na 1990. Hii ndiyo sehemu niipendayo, kwa hiyo nitaenda polepole.

Atomi za chuma zina tabia ya ujirani: kila moja inataka sumaku yake ielekee pale jirani yake anapoelekea. Nguvu hii ya ujirani ni kali, lakini ina umbali wake. Ndani ya fuwele kubwa, kila fuwele inaweza kufuata mapenzi yake, kwa sababu kuna nafasi ya kutosha kwa sumaku kugeuka polepole kutoka fuwele moja hadi nyingine. Lakini fuwele zikiwa ndogo kuliko umbali huo, ambao kwa aloi hii ni nanometa 35 hivi, sumaku haiwezi kupinda haraka kiasi hicho. Fuwele moja inavuta kushoto, ya pili kulia, ya tatu juu, ya nne kinyumenyume. Lakini zote zimefungwa kamba moja. Fikiria watu elfu moja wamefungwa pamoja kila mmoja akitaka kwenda kwake. Kundi haliendi popote. Ukija wewe na kulisukuma taratibu, linakufuata. Ukaidi bado umo ndani ya kila mmoja, ila umefutana.

Lakini haukufutana wote. Hesabu ya bahati inasema kwamba ukiwa na wavutaji N wasiopangwa, kinachobaki kwa kila mmoja ni moja juu ya kipeuo cha pili cha N. Alben, Becker na Chi walikuwa wameshafanya hesabu ya namna hii mwaka wa 1978 kuhusu aloi za amofasi, ambamo kila atomi ina mapenzi yake. Herzer aliichukua na kuiweka kwenye fuwele. Na hapa kuna mzunguko mtamu unaojilisha wenyewe: ukaidi wa jumla ukipungua, umbali wa ujirani unaongezeka, umbali ukiongezeka, fuwele nyingi zaidi zinaingia kwenye kundi, zikiingia, ukaidi unapungua tena, na tena umbali unaongezeka. Ukiufuata mzunguko huo hadi mwisho, unapata kwamba ukaidi unategemea kipenyo cha fuwele kwa nguvu ya sita. Ya sita! Katika fizikia ya vitu vya kila siku huoni nguvu ya sita mara nyingi.

Niliandika mistari michache ya programu ili nijionee. Fuwele moja ya chuma na silikoni ya aina hii, ikiwa peke yake, ina ukaidi wa nishati wa juli 8,000 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ukitumia umbali wa nanometa 35, fuwele za nanometa 30 zinabaki na juli 3,200 hivi. Za nanometa 20, juli 280. Za 15, juli 50. Za nanometa 10, juli 4 na kidogo. Kutoka elfu nane hadi nne! Na ukienda upande wa pili, kupita nanometa 35 au 40, unapanda hadi kileleni kisha unaanza kushuka tena kwenye mteremko wa zamani wa Hadfield na Goss. Kwa hiyo kanuni ya kale ilikuwa ya kweli, kwa upande mmoja wa mlima. Watu walikuwa hawajaona upande wa pili kwa sababu hakuna aliyekuwa na fuwele ndogo kiasi hicho.

Ukishaijua nguvu ya sita, unaona kwa nini tanuri ndiyo mwamuzi. Fuwele zikikua kutoka nanometa 10 hadi 20 tu, ukaidi unazidi mara 64. Mpishi hana nafasi ya kubahatisha.

Hebu basi tuingie ndani ya tanuri. Kwa nini fuwele hazikui? Kwa sababu ya ile shaba na ile niobi. Shaba haipendi kuchanganyika na chuma. Joto likianza kupanda, kabla ya jambo lingine lolote, atomi za shaba zinajitenga na kukusanyika katika vikundi vidogo vidogo, vingi mno, vimetawanyika kila mahali. Kila kikundi ni mbegu, na kando yake fuwele ya chuma inaanza kuota. Kwa kuwa mbegu ni nyingi, fuwele zote zinaanza pamoja na zinabanana mapema. Halafu niobi: ni atomi kubwa na nzito ya kusogea, haitakiwi ndani ya fuwele, kwa hiyo inasukumwa nje pamoja na boroni na kubaki kama ukuta mwembamba wa amofasi, nanometa moja au mbili, kati ya fuwele na fuwele. Ukuta huo ni mgumu kuvunjwa na joto. Fuwele zinaishiwa na nafasi.

Maelezo haya ya shaba hayakukubalika siku moja. Swali lilikuwa nani anatangulia: vikundi vya shaba au fuwele za chuma? Vyote ni vidogo kiasi kwamba darubini za kawaida za elektroni hazikutosha. Kazuhiro Hono na wenzake huko Japani walitumia kifaa kinachong'oa atomi kutoka kwenye ncha ya sindano moja moja na kuandika kila moja ilitoka wapi. Matokeo yao ya kwanza yalitoka mwaka wa 1992, na mwaka wa 1999 wakaonyesha wazi vikundi vya shaba vikiwepo kabla ya fuwele, kisha fuwele zikianza zikiwa zimegusana navyo. Yaani miaka 11 baada ya aloi kutangazwa! Walioipika walijua inafanya kazi kabla ya yeyote kuona kwa macho kwa nini. Nimeona programu za namna hiyo pia, lakini hizo ni hadithi za siku nyingine.

Joto likiwa dogo mno, fuwele ni chache na utepe unabaki na tabia ya amofasi, pamoja na lile tatizo la kujinyoosha. Likiwa la wastani wake, karibu nyuzi 520 hadi 580, fuwele zinajaza sehemu kama asilimia 70 hadi 80 ya utepe. Na hapa kuna bahati nyingine ambayo mimi naona imepewa sifa ndogo kuliko inavyostahili. Fuwele hizi za chuma na silikoni zinajikunja zikipata sumaku, ilhali ukuta wa amofasi unajinyoosha. Kwa kipimo sahihi viwili hivyo vinakaribia kufutana, na utepe mzima karibu hausogei. Ile kasoro ya kwanza imekwisha, bila kobalti, kwa kuchagua tu kiasi cha silikoni na saa ya kutoa kwenye tanuri.

Ukipita nyuzi 600, kunatokea kitu kibaya. Boroni iliyokuwa imebaki kwenye kuta inaungana na chuma na kufanya fuwele za aina nyingine, boraidi, ambazo ukaidi wake ni zaidi ya juli laki nne kwa mita ya ujazo. Nguvu ya ujirani haiwezi kuzituliza. Koasiviti inapaa, na hakuna kurudi nyuma. Utepe huo umeungua kama ugali uliosahauliwa jikoni.

Kuna jaribio moja la Herzer linalothibitisha habari ya kamba ya ujirani. Ukiupasha utepe uliokwisha kuiva na kuupima ukiwa bado moto, koasiviti inaanza kupanda unapokaribia nyuzi 300 na kitu. Fuwele hazijakua hata kidogo. Joto hilo ni dogo kwao. Kilichotokea ni kwamba zile kuta nyembamba za amofasi zimepoteza sumaku yake kwa joto, na kamba inayofunga fuwele kwa fuwele imekatika. Ukiupoza, ulaini unarudi. Mimi sijui njia safi zaidi ya kuonyesha kwamba ukuta ni muhimu sawa na fuwele.

Baada ya 1988 wengine walifuata haraka. Tohoku, mjini Sendai, walitoa mwaka wa 1990 aloi ya chuma, zirkoni na boroni iliyofika tesla 1.6 hivi. Chuo cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh kilitoa mwaka wa 1998 aloi yenye kobalti kwa ajili ya kazi za joto kali. Mafundi pia walijifunza kupika huku sumaku ya nje imewashwa: ukiielekeza kukata utepe kwa upana, unapata kiini kinachopanda taratibu na kwa mstari ulionyooka, kinachofaa kupimia mkondo wa umeme. Viini vya namna hii vimo ndani ya mita za stima za kielektroniki, ndani ya swichi zinazokata umeme mtu akiguswa, na kwenye vichujio vya inveta. (Chaja yako ya rununu kwa kawaida ina feriti, ambayo ni ya ukoo wa vyungu na vigae. Usiipasue kuangalia!)

Bei yake ni wembamba na wepesi wa kuvunjika. Utepe kabla ya tanuri unaweza kuuzungusha, kuukunja na kuukata. Ukitoka huko, ukiukunja unapasuka vipande. Kwa hiyo kiwandani huzungusha pete kwanza, kisha wanapika pete nzima, kisha wanaifunga kwenye kasha la plastiki au kuipaka rangi ngumu ili isiguswe tena.

Kinachowasumbua hadi leo ni ile tesla 1.24. Chuma cha silikoni kinafika karibu tesla 2, kwa hiyo kwa transfoma ya kwenye nguzo Finemet ingehitaji kiini kikubwa na kizito zaidi. Ukitaka sumaku zaidi lazima uongeze chuma, na ukiongeza chuma lazima upunguze niobi, yaani unaondoa mlinzi wa ukuta. Akihiro Makino na wenzake wa Tohoku walionyesha mwaka wa 2009 aloi ya chuma, silikoni, boroni, fosforasi na shaba, bila niobi kabisa, iliyofika karibu tesla 1.9. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 utafiti huo ukaingizwa kwenye miradi ya kuijenga upya Tohoku. Lakini bila niobi, kinachozuia fuwele zisikue ni kasi peke yake. Lazima upashe haraka, mamia ya nyuzi kwa dakika, ili mbegu zote ziote kwa pamoja kabla ya yeyote kunenepa. Kikundi cha Kiyonori Suzuki katika Chuo cha Monash, Australia, kimefika mbali zaidi: mwaka wa 2017 walibana utepe kati ya vipande vya shaba vilivyokwisha kupashwa moto, kwa muda usiozidi sekunde moja hivi, na wakapata ulaini hata bila shaba ndani ya aloi.

Utepe mmoja mwembamba unaweza kuupasha kwa sekunde moja. Pete yenye kilo kadhaa haiwezekani: nje inaiva, ndani bado. Na kuna jambo baya zaidi. Atomi zinapojipanga kuwa fuwele, zinatoa joto zenyewe. Ndani ya pete kubwa joto hilo halina pa kutokea, linajilimbikiza, na katikati ya pete inapanda hadi eneo la boraidi wakati kipimajoto cha tanuri bado kinasema mambo ni shwari. Wapishi wa Finemet hulikwepa hilo kwa kupandisha joto polepole, hata kusimama kwa muda njiani. Aloi mpya zinataka kinyume chake. Njia mojawapo ambayo watu wanaifuata ni kupika utepe ukiwa unapita, mita kwa mita, juu ya kitu cha moto, kabla haujazungushwa kuwa pete. Hapo unakutana tena na ule utepe unaopasuka kama biskuti, na sasa unatakiwa uuzungushe ukiwa tayari umeiva.